Dereva alipobadilisha siku ya kikao cha mkurugenzi

Mwaka juzi jioni moja dereva wetu alikaa ndani ya gari, gari limepaki nje ya ofisi, akatoa simu yake akaingia kwenye wiki ya ofisi, ile tovuti yetu ya ndani ambayo kila mfanyakazi anaweza kuihariri, akafuta neno "Alhamisi" akaandika "Jumanne". Basi, neno moja tu. Ila hilo neno lilikuwa kwenye mpango kazi ulioandikwa na mkurugenzi mwenyewe, kwa mkono wake, na mimi ndo niliyeiweka hiyo wiki kwa hiyo kila badiliko linaniletea barua pepe, nikasoma jina la aliyebadilisha na ukurasa aliobadilisha na moyo ukanipiga paa.

Pale chini penye kakisanduku ka kueleza umebadilisha nini alikuwa ameandika: "Alhamisi ni mnada kule watu wote wanakuwa mnadani hawatakuja kikaoni."

Nimeulizwa na watu wengi wa taasisi ndogo kama yetu, mnatumia programu gani, mnafanyaje mpango wenu uko sehemu moja na tovuti yenu iko sawasawa kila mwezi, na mi huwa nawajibu jina la programu maana ndo walichouliza, lakini kila nikijibu hivyo naona nimewapa nusu. Kwa hiyo leo naandika yote.

Sisi tuko watu 11. Kazi yetu ni maji vijijini, ofisi ipo Dodoma, vijiji vyenyewe viko Singida. Kabla ya wiki mpango kazi ulikuwa faili la Word linalozunguka kwa barua pepe na kwenye grupu la WhatsApp, na kila aliyefanyia kazi ofisi yoyote hapa kwetu anajua majina ya hayo mafaili, kuna "Mpango kazi FINAL", kuna "FINAL kabisa", kuna "FINAL ya mkurugenzi", na ukiuliza ipi ndo yenyewe unajibiwa angalia ya mwisho niliyotuma, sasa ya mwisho kwako ni ya Jumatatu na kwa mwenzako ni ya Ijumaa kwa sababu bando lilikuwa limeisha. Kuna juma moja afisa jamii alifika kijijini Jumatatu na mpango mpya, fundi pampu akafika Jumatano kijiji hicho hicho na mpango wa zamani, na mwenyekiti wa kijiji, mzee wa watu mpole kabisa, akamuuliza fundi: "Hivi nyie mnatoka ofisi moja kweli?" Fundi alirudi akaniambia hayo maneno kwa uchungu, na dizeli ya kwenda na kurudi tayari imeshateketea.

Tovuti ndo ilikuwa mbaya zaidi. Ilitengenezwa na kijana mmoja akalipwa akaondoka na nywila zake, kila ukitaka kubadilisha kitu unampigia, naye yuko bize na kazi zingine. Ilisema tunafanya kazi vijiji 4 wakati vilishafika 9. Ilikuwa na namba ya simu ya mtu aliyeacha kazi siku nyingi, huyo dada alikuwa anapigiwa na wafadhili akiwa kwenye kazi yake mpya. Na bado ilikuwa inaongelea COWSO, vile vyombo vya maji vya jamii vya sheria ya maji ya mwaka 2009, wakati sheria ya 2019 ilishaleta CBWSO, vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, na RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ilishaanza kazi. Mtu wa serikali anayeijua sekta akifungua tovuti ya taasisi ya maji akakuta COWSO anakuona umelala. Na watu wetu hawakuwa wamelala, walikuwa porini wanafanya kazi. Hilo ndo lililokuwa linaniuma, kwamba kazi ni nzuri na maandishi yanaisaliti.

Sasa wiki ni nini, kwa ambaye anaijua Wikipedia tu. Ni tovuti ambayo msomaji anaweza kuihariri pale pale anaposoma, na kila toleo la zamani linatunzwa. Ya kwanza kabisa aliitengeneza Mmarekani mmoja, Ward Cunningham, akaifungua Machi 1995 ili waandishi wa programu waandike pamoja mbinu zao. Jina alilitoa Hawaii, kwenye uwanja wa ndege wa Honolulu, kulikuwa na basi la kuhamisha abiria linaitwa Wiki Wiki, na wiki wiki kwa Kihawaii ni kama sisi tunavyosema upesi upesi, nao wanarudia neno kama tunavyorudia. Wikipedia ilikuja baadaye, Januari 2001, na ya Kiswahili ikaanza 2003. Kwa hiyo kitu hiki kilianza kama chombo cha watu wa kazi moja kupanga mambo yao, ile kamusi elezo kubwa ilifuata. Watu wanashangaa nikiwaambia hivyo.

Upande wa programu nitapita haraka. MediaWiki, ile inayoendesha Wikipedia, ni nzuri sana ila wenyewe wanaoitengeneza wanasema wazi kwamba haikuundwa kwa ajili ya kuficha kurasa fulani kwa watu fulani, imeundwa kwa uwazi. Sisi tulikuwa na vitu vya ndani na vya nje kwa hiyo nikachukua DokuWiki, ya Mjerumani Andreas Gohr, ipo tangu 2004. Ina mambo mawili niliyoyapenda. Kwanza inakuwezesha kusema folda hii wote waisome, hii wafanyakazi tu, hii mhasibu na mkurugenzi tu. Pili haina hifadhidata, kila ukurasa ni faili la maandishi matupu, yaani bekapu ya ofisi nzima ni kukopi folda moja kwenye fleshi. Mashine yetu ya kwanza ilikuwa kompyuta ya mezani iliyozeeka, umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo diski ikafa, na nilichofanya ni kuchukua fleshi ya Ijumaa nikamwaga folda kwenye mashine nyingine, mchana wake watu wanaendelea. Baadaye tukahamia kwenye seva ya kulipia maana walioko vijijini walikuwa hawaifikii ile ya ofisini.

Miezi mitatu ya kwanza haikuguswa na mtu. Niliingiza kurasa kama 60, nikafundisha asubuhi nzima na chai na maandazi, wote wakasema nzuri sana hii, wakarudi kwenye WhatsApp. Nilidhani ni ugumu wa kompyuta. Nikaandaa mafunzo mengine. Bado. Hadi siku moja afisa jamii wetu, dada mdogo tu, msomi, kompyuta anaijua kuliko mimi, akaja mezani kwangu.

"Kaka, pale kwenye mpango wa robo ya pili kuna kosa. Kijiji kimeandikwa mara mbili."

"Sasa si urekebishe? Una ruhusa."

Akaniangalia kama nimemtukana. "Mi nimrekebishe mkurugenzi? Mbele ya watu wote?"

Hapo ndo nikaelewa, na nikajilaumu kuchelewa kuelewa. Yule dada hakuwa mwoga. Amelelewa vizuri. Zamani angefanyaje? Angeenda ofisini kwa mzee, angebisha hodi, shikamoo, habari za safari, halafu angesema samahani mzee nimeona pale labda sikuelewa vizuri, na mzee angetazama angesema ah kweli, na kosa lingerekebishwa na mwenye kosa mwenyewe na hakuna aliyeaibika. Wiki imeondoa mlango, imeondoa hodi, imeondoa shikamoo, imebakiza kitufe. Unampa mtu kitufe cha kufuta maneno ya mkubwa wake hadharani halafu unashangaa mbona habonyezi. Huko kilikotoka kitu hiki kukosoana kwa maandishi ni kawaida, kwetu kuna njia zake, na njia zenyewe si mbaya, zina sababu.

Nikaliwaza hilo juma zima. Aliyenifungua macho ni mjumbe wa bodi, mzee mmoja mstaafu aliyefanya kazi masjala ya serikali miaka mingi, mimi nilikuwa namwonyesha tu kwa heshima sikutegemea atavutiwa. Akakaa, akavaa miwani, nikamfungulia ukurasa, nikamfungulia historia yake, nani kaandika nini tarehe gani saa ngapi. Akanyamaza kidogo.

"Mbona hili ni jalada."

Nikamwambia mzee nifafanulie. Akasema kwenye jalada la serikali kila karatasi ina namba yake ya folio, na dokezo linapanda kutoka kwa karani kwenda kwa afisa kwenda kwa mkubwa, kila mmoja anaandika chini ya mwenzake na tarehe na sahihi. Karani hafuti alichoandika mkurugenzi, ila anaruhusiwa kabisa kuandika chini yake "mheshimiwa, tafadhali rejea folio 14, tarehe hiyo imeshapita." Na mkurugenzi hakasiriki, ndo kazi ya karani. "Hili lako tofauti yake ni kwamba jalada likiwa mezani kwa mtu mmoja wengine wote mnasubiri, hili mnalo wote kwa pamoja. Ila umewanyima pa kuandika dokezo."

Kweli nilikuwa nimewanyima. Siku ile ile nikaongeza sehemu mbili. Chini ya kila ukurasa wa mpango nikaweka kichwa "Dokezo", mtu asiyetaka kugusa maneno ya mwenzake anaandika pale, jina na tarehe. Na kale kakisanduku ka maelezo ya badiliko, ambako mwanzoni niliwaambia wanaweza kuacha wazi, nikakafanya lazima, huhifadhi mpaka ueleze sababu. Inaonekana kitu kidogo. Lakini ukieleza sababu umeshabisha hodi.

Dada akaandika dokezo lake la kwanza siku iliyofuata, "Naomba kuuliza, kijiji hiki kimetajwa tarehe 4 na tarehe 18, je ni ziara mbili?" Mkurugenzi akajibu chini yake, akarekebisha mwenyewe. Wengine wakaanza nao, taratibu, madokezo yakawa yanaongezeka ila hakuna aliyegusa maandishi ya juu. Ilikuwa hivyo mpaka jioni ya dereva.

Tena dereva. Msomi wetu mwenye digrii ameogopa, mhasibu ameogopa, dereva ambaye hata kwenye mafunzo nilimwalika kama heshima tu, nasema ukweli na naona aibu kuusema, yeye ndo akaingia juu kabisa akabadilisha. Nilimuuliza baadaye. Akasema: "Kaka mi nimeona kesho yake asubuhi mkurugenzi anakwenda kuprinti barua za mwaliko kwa vijiji vitatu. Nikiandika kule chini akachelewa kuona, barua zimeondoka. Nikasema bora nibadilishe, kama nimekosea historia si ipo, atarudisha." Alikuwa ameelewa wiki kuliko sisi wote. Lile ndo hasa lengo la kutunza matoleo ya zamani, kwamba kosa linarudishika, kwa hiyo huna haja ya kuogopa sana kujaribu.

Ofisi nzima ilijua asubuhi ile. Hakuna aliyesema kitu, kila mtu kwenye meza yake anasubiri mkurugenzi afungue. Akafungua kama saa nne hivi. Akaandika kwenye dokezo, na ukurasa ule upo mpaka leo: "Nashukuru sana. Siku za minada sikuzijua. Naomba dereva atuandikie siku ya mnada ya kila kijiji, tuziweke kwenye kurasa za vijiji." Halafu Jumatatu kwenye kikao cha wafanyakazi akaweka ule mpango ukutani kwa projekta, akauliza kwa sauti, "Nani mwingine ana la kunirekebisha kabla hatujaanza?" Na akasubiri. Alisubiri kweli, si lile swali la kuuliza huku unafunua ukurasa unaofuata. Mhasibu mama yetu akanyoosha mkono.

Tangu hapo imekuwa ofisi nyingine. Nikiambiwa nichague kitu kimoja kilichoipa wiki yetu uhai nitasema ile dakika ya mkurugenzi kusubiri. Nimetembelea taasisi mbili zilizoweka wiki za gharama kubwa, zinapendeza, na zimekufa, kwa sababu bosi anaendelea kutoa maagizo kwa simu na mpango halisi uko kichwani mwake, sasa nani atapoteza muda kusoma ukurasa ambao bosi mwenyewe hausomi? Sisi tuna sheria moja mkurugenzi aliiweka yeye, kisichopo kwenye wiki hakipo kwenye mpango. Akikupigia simu ya dharura unafanya, ila jioni mmoja wenu anaandika. WhatsApp imebaki kwa "nimefika" na "gari limekwama" na picha za harusi.

Kurasa zenyewe tulizipanga upya. Mwanzoni nilizipanga kwa idara, fedha huku, ufundi huku, jamii huku, kama muundo wa ofisi ulivyo. Makosa. Mtu akienda kijijini alikuwa anafungua kurasa sita. Sasa kijiji kimoja ukurasa mmoja, na idara zote zinaandika humo humo. Ukifungua unakuta kisima kilichimbwa mwaka gani na kina chake, pampu ni Afridev au India Mark II, maana vipuri vyake haviingiliani na fundi alikuwa anabeba seti zote mbili kwa kukosa uhakika, unakuta katibu wa CBWSO ni nani, siku ya mnada, mara ya mwisho nani alikwenda na aliahidi nini. Hiyo ya ahadi ni muhimu kuliko zote. Wanakijiji wanakumbuka kila ahadi, ofisi ndo inasahau.

Na barabara. Sehemu ya barabara kaandika dereva karibu yote. Nanukuu mistari yake miwili kama ilivyo: "Masika usipite njia ya chini kwenye mbuga gari inazama, zunguka juu kwa shule unaongeza nusu saa lakini unafika. Pale kwenye korongo simama shuka uangalie kwanza maji usiulize watoto watakwambia yanapitika." Hakuna ripoti ya mshauri yeyote iliyowahi kuniandikia kitu cha maana kama hicho, na kwa miaka ile yote maarifa haya yalikuwa yanakaa kiti cha mbele kulia, sisi tukiwa tumekaa nyuma tunasoma faili FINAL.

Sasa tovuti. Hapa tulikosea kwanza. Nilifikiri kwa kuwa wiki inaweza kusomwa na umma basi wiki yenyewe ndo iwe tovuti, tukafungua folda moja wazi kwa dunia. Maandishi yalikuwa sahihi, hilo siwezi kukataa, lakini mgeni akiingia anakutana na kitu kinachofanana na makabrasha, hajui aanzie wapi, mfadhili mmoja akatuambia kwa upole kwamba alidhani ameingia mlango wa nyuma. Baadaye nikajifunza kwamba hata Wikimedia Foundation wenyewe, wenye Wikipedia, tovuti yao rasmi ilikuwa wiki kwa miaka mingi halafu mwaka 2018 wakaihamishia kwenye WordPress, programu ya kutengenezea tovuti za kawaida. Lakini mipango hawakuihamisha. Rasimu ya mpango wao wa mwaka wanaiweka kwenye wiki yao inayoitwa Meta-Wiki, ipo tangu 2001, na watu wa dunia nzima wanaingia ukurasa wa majadiliano kuuliza na kupinga. Hata ule mkutano wao wa Wikimania uliofanyika Nairobi Agosti 2025 ratiba na maelezo yake yaliwekwa kwenye wiki. Nikaona basi, kama wao wametenganisha nguo ya nje na chumba cha kazi, na sisi tutenganishe.

Tulivyofanya ni hivi. Kila ukurasa wa kijiji una ndugu yake kwenye folda inayoitwa "umma". Huko yanakwenda maneno machache tu, kijiji, maji yanapatikana vipi, kazi gani imefanyika, nini kinafuata. Tovuti yenye sura nzuri inavuta maandishi kutoka folda hiyo kila usiku, kwa hiyo hakuna mtu anayeingia kwenye tovuti kuandika, tunaandika wiki tu, mahali tulipozoea, na asubuhi tovuti imeshabadilika. Siku tulipobadilisha COWSO zote kuwa CBWSO nilitafuta hilo neno kwenye mafaili yote nikalibadilisha kwa mara moja, chai haijapoa. Kwa yule kijana wa zamani ingekuwa ankara.

Ila folda ya umma ina mlinzi. Hakuna kinachoingia humo bila macho mawili, aliyeandika na mama mhasibu, ambaye ana jicho kali sana. Na sababu ipo. Zamani tovuti yetu ilikuwa na picha ya mtoto na ndoo kichwani na jina lake kamili na kijiji chake na ugonjwa aliowahi kuugua kwa maji machafu. Tuliweka kwa nia njema, wafadhili waguswe. Huyo mtoto sasa ni binti mkubwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika Mei 2023 na ni vizuri ipo, lakini hata bila sheria, mama mhasibu aliuliza swali moja tu kikaoni, "Ingekuwa mwanao ungeliweka?" Tukaondoa zote.

Na hapa nawapa tahadhari kubwa, tafadhali mtu anayeweka wiki aisome mara mbili. Kufuta kitu kwenye ukurasa wa wiki hakukifuti. Kipo kwenye historia. Sisi namba ya simu ya katibu mmoja ilipenya kwenye folda ya umma, tukaifuta ndani ya saa moja tukajisifu, kumbe mtu yeyote akibonyeza matoleo ya zamani anaiona kama kawaida. Kwenye DokuWiki matoleo ya zamani yanakaa kwenye folda yake inaitwa attic, ilibidi niingie kwenye seva nikalitoe faili lenyewe kwa mkono. Ile historia iliyompa dereva ujasiri wa kuhariri ndo hiyo hiyo inayoweza kumuumiza mtu usipokuwa makini. Sasa folda ya umma nimeifungia matoleo ya zamani, wageni wanaona la leo tu.

Bajeti hatukuiweka kwenye wiki, inabaki Excel, jedwali la wiki halijumlishi na mama mhasibu hataki mchezo kwenye tarakimu. Mikataba iliyosainiwa inabaki kwenye kabati. Sikuwahi kuona sababu ya kulazimisha kila kitu.

Kitu ambacho taasisi nyingi hazikipangi ni palizi. Wiki ni shamba, usipopalilia miezi miwili majani yanakuzidi, kurasa mbili za kitu kimoja, tarehe zilizopita, kurasa yatima ambazo hazina linki inayokwenda kwao. Kwetu anayepalilia ni dada wa mapokezi. Hakuna aliyempangia, yeye ndo anapokea simu za wanaouliza kwa hiyo yeye ndo anaumia ukurasa ukiwa na uongo. Mkurugenzi alipoona hivyo akampa Ijumaa mchana iwe ya kazi hiyo, simu anapokea mwingine, na imeandikwa kwenye maelezo yake ya kazi. Ana orodha yake, kila ukurasa ambao haujaguswa miezi sita anampelekea mwenyewe, "Bado ni kweli?" Ukijibu ndio anaandika tarehe. Usipojibu anaandika juu kabisa kwa herufi nene "HAIJATHIBITISHWA", na hakuna anayependa jina lake likae chini ya neno hilo. Linki nyekundu, zile za kurasa ambazo hazijaandikwa bado, anaziachia makusudi. Anasema nyekundu ni kazi inayosubiri mtu.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Wiki iliyopita katibu wa CBWSO wa kijiji kimojawapo alikuja ofisini, alikuwa na safari zake Dodoma akapita. Kumbe tovuti yetu huwa anaisoma kwa simu, ukurasa wa kijiji chake. Akatoa kwenye mfuko wa shati karatasi imekunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Ni karatasi ya wachimbaji wa kisima. Akaweka kidole.

"Mmeandika mita 68. Ni 62. Ona hapa."

Ni kweli, 62. Sisi tulinakili kutoka ripoti yetu wenyewe, na ripoti ilikosea, na kama fundi angeagiza mabomba kwa 68 ingekuwa fedha ya watu imelala chini. Dada wa mapokezi akamfungulia ukurasa pale pale akarekebisha mbele yake, kwenye maelezo akaandika jina la katibu kama aliyetoa taarifa. Mzee akasoma jina lake kwenye skrini, akatabasamu, halafu akauliza swali ambalo mpaka leo linazunguka ofisini:

"Kwani sisi hatuwezi kuandika wenyewe?"

Mkurugenzi alikuwa mlangoni akasikia. Hakujibu papo hapo, alisema hili lina uzito nilipeleke bodi. Na lina uzito kweli, maana ukurasa ule una ahadi zetu, na sehemu ya ahadi ambazo hatukutimiza, na mwanakijiji akipewa kalamu ataandika na hizo. Mhasibu ana wasiwasi wake, afisa jamii anataka leo hii, mzee wa masjala ameshasema atakachosema, kwamba jalada ni la jambo na si la ofisi.

Bodi inakaa mwezi ujao. Akaunti 9 nimeshaziandaa, moja kila kijiji, bado hazijawashwa.